Jino la pembe si dawa ya pengo

Mazungumzo na walimu wastaafu, Tanga. Mimi, daktari wa meno, niliongea bila karatasi. Hapa nimeandika kadiri nilivyokumbuka, pamoja na maswali mawili ya mwisho.

Shikamooni walimu.

Nilipokuwa naingia hapo mlangoni, mwalimu mmoja alinishika mkono akaniambia amefundisha Kiswahili miaka 34, na leo hii neno "fasihi" limemshinda. Meno yake ya mbele ya juu yameondoka, na herufi "f" inataka jino la juu likutane na mdomo wa chini. Bila jino ni upepo tu. Alicheka, nami nikacheka, lakini nilimwona alivyopeleka kiganja mdomoni wakati anacheka. Walimu wangu, kiganja kile nakiona kila siku kazini.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie meno ya kupandikiza, yale yanayoshikiliwa na skrubu iliyozamishwa kwenye mfupa wa taya. Kasema wengi wenu mmepokea kiinua mgongo na mmeanza kuulizana bei. Habari za kikokotoo cha pensheni sizigusi, si fani yangu, ingawa nasikia nayo inauma. Lakini najua mwalimu wa Kiswahili yeyote humu ndani atataka kuniwahi: "Daktari, jino la pembe si dawa ya pengo." Haya, tuanzie hapo hapo.

Jino la pembe halikuwa la kwenye methali tu. Ulaya na Marekani, kabla ya plastiki kuja, wenye uwezo walichongewa meno ya pembe, na pembe iliyopendwa sana ilikuwa ya kiboko. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino lake moja tu. Kile alichovaa kilichongwa kwa pembe ya kiboko, kikachanganywa na meno ya watu, kikashikiliwa kwa madini na springi. Ile hadithi ya kwamba yalikuwa meno ya mbao si kweli. Pembe ile ilibadilika rangi, ikanuka, ikalegea. Kiboko wa Afrika mdomoni mwa rais, na pengo likabaki pale pale.

Wahenga waliona sawasawa. Pengo mnaloliona kwenye kioo liko kwenye ufizi, lakini hasara yenyewe iko chini, kwenye mfupa.

Jino lina ile sehemu unayoipiga mswaki, na mzizi uliozama kwenye taya. Mzizi haujagandishwa na mfupa. Umetundikwa kwa nyuzi ndogo ndogo nyingi, mfano wa kitanda cha kamba. Ukitafuna, zile nyuzi zinauvuta mfupa kidogo, na mfupa unaovutwa unajua una kazi, unaendelea kujijenga. Siku jino linapong'olewa, kamba zimekatika. Mfupa uliokuwa umelikumbatia jino unakuwa kama nyumba ya udongo iliyohamwa: hakuna anayekandika, inaanza kumomonyoka. Ndani ya mwaka mmoja ukingo wa taya pale palipong'olewa gego hupoteza karibu nusu ya upana wake, na theluthi mbili ya hasara hiyo hutokea miezi 3 ya mwanzo. Wakati huo huo meno jirani yanaanza kulalia pengo, na lile la upande wa pili, la juu au la chini, linateremka au kupanda kumtafuta mwenzake aliyeondoka.

Nitawapa mfano wa nyumbani. Mama yangu aling'olewa meno yote ya chini kabla hajafika miaka 60. Akatengenezewa ya kuvaa, mazuri kwa macho. Mwaka wa kwanza yalikaa. Mfupa ulivyozidi kupungua, yakaanza kuogelea. Ikawa desturi: chakula kikishaletwa mkekani, mama anageuka pembeni, anayatoa, anayafunga kwenye pindo la kanga, anakula ubwabwa na samaki kwa ufizi. Chakula kikiisha anafungua pindo, anayasuuza, anayarudisha, yuko tayari kwa wageni. Mimi wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno, nina maneno mengi kuhusu usafi wa pindo. Akaniambia siku moja: "Mwanangu, haya si meno ya kulia chakula. Haya ni ya kupigia picha."

Baadaye nilisoma vitabuni kwamba mwenye meno ya kuvaa juu na chini hutafuna kwa nguvu ya robo hivi, au pungufu, ya mwenye meno yake. Mama alikwisha kuniambia.

Sasa sikilizeni dawa ilivyopatikana, maana aliyeipata wala hakuwa akitafuta meno. Mwaka 1952, mjini Lund, kusini mwa Uswidi, daktari kijana aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza damu inavyotembea ndani ya uboho wa mfupa. Alitengeneza vifaa vidogo vya madini ya titani vyenye kidirisha cha kupitishia darubini, akavipachika kwenye mifupa ya miguu ya sungura. Utafiti ulipokwisha akataka kuving'oa avitumie tena, kwa kuwa vilikuwa ghali. Havikutoka. Mfupa ulikuwa umevishika kabisa.

Nani hapa kwao kuna mwembe uliofungwa waya wa kuanikia nguo zamani? Enhe. Baada ya miaka unakuta mti umeumeza waya, huwezi tena kuuchomoa bila shoka. Basi ni kama hivyo. Kitu kigeni kikiingia mwilini kwa kawaida mwili hukizungushia nyama laini, kama ufanyavyo kwa mwiba, kikacheza, mwishowe kikatoka. Titani ikipata hewa hujivika utando mwembamba mno, kama kutu, ila hii ni kutu njema, na chembe hai za mfupa huja kujenga juu ya utando huo bila kuweka nyama yoyote katikati.

Mwaka 1965, mjini Gothenburg, Brånemark alimpandikizia mtu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya na hakuwa na meno ya chini. Larsson alifariki mwaka 2006, bado anatumia vipandikizi vile. Miaka zaidi ya 40! Hata hivyo, madaktari wengi wa meno duniani waliendelea kutilia shaka kwa muda mrefu. Mkutano wa Toronto wa mwaka 1982, ambako ushahidi wa miaka yote hiyo uliwekwa mezani, ndio uliowalegeza.

Kwa hiyo wahenga walikuwa sahihi kwa jino la wakati wao, kwa sababu jino la pembe lilikalia ufizi. Hili la leo linashikwa na mfupa. Na hapo ndipo penye neno nililokuja kuwaambia, hata mkisahau mengine: habari ya kipandikizi inaamuliwa siku ya kung'oa jino, si siku ya kupata pesa.

Nawaambia kwa sababu nimechoka kuwarudisha watu. Anakuja mzee wa watu na bahasha ya benki, pesa taslimu, amekwisha kujinyima. Pengo lake ni la miaka 18. Tunampiga picha, na kwenye picha mfupa wa pale umebaki mwembamba kama ukingo wa sahani. Skrubu yenyewe ina unene wa milimita 4 hivi, urefu wa milimita 10 hivi, itasimama wapi? Kwenye taya la chini ukizama zaidi unakuta mshipa wa fahamu, ukiugusa, mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi maisha yako yote. Kwenye taya la juu, nyuma, unakuta uwazi wa hewa ulio kando ya pua. Basi inabidi kwanza tumwongezee mfupa, tusubiri miezi, ndipo tupande. Gharama imepanda, muda umepanda, na mzee ana miaka 70.

Nikimuuliza lile jino lilikuwa na nini, jibu ni moja: "Lilitoboka, likauma, nikaenda likang'olewa. Si wanasema dawa ya jino ni kung'oa?" Msemo huo, walimu, umekula meno mengi kuliko sukari. Jino lililotoboka hadi kwenye moyo wake mara nyingi linaweza kusafishwa mizizi, likazibwa, likavikwa taji, yaani kofia ngumu ya jino, na likakaa miaka mingi. Kwa pesa ya kipandikizi kimoja unatibu mizizi ya magego kadhaa. Mimi ninayeishi kwa kupandikiza ndiye ninayewaambia.

Ikiwa lazima ling'olewe, na yapo ya lazima, mwambieni anayeng'oa kabla hajashika koleo: "Nataka kuliziba pengo hili baadaye." Sentensi hiyo inabadilisha mkono wake. Atalitoa polepole, pengine ataikata mizizi na kuitenganisha ili asivunje ukuta wa mfupa. Pengine ataweka chembe za kujazia shimo. Na mpange kurudi ndani ya miezi michache, msingoje mjukuu amalize chuo.

Siku ya kupandikiza yenyewe haitishi kama mnavyoidhania. Sindano ya ganzi ni ile ile ya kung'olea. Ufizi unafunguliwa kidogo, tunatoboa mfupa kwa ncha nyembamba, halafu nene kidogo, halafu nene zaidi, taratibu, huku maji ya chumvi yakimwagika muda wote. Maji yale si ya kuosha damu peke yake. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu unaweza kufa, na mfupa uliokufa haushiki kitu. Kwa hiyo ukimwona daktari wako hana haraka, shukuru. Utasikia mtetemo kama wa kutoboa ukuta wa chumba cha jirani. Kisha skrubu inaingizwa, ufizi unashonwa, unakwenda nyumbani kunywa uji usio wa moto. Wengi wananiambia kung'oa kuliuma zaidi.

Halafu ni kungoja. Taya la chini kama miezi 3, la juu hata miezi 6, kwa sababu mfupa wa juu ni laini kama wa sifongo. Wapo wanaoweka jino siku hiyo hiyo, na kwa mtu aliyechaguliwa vizuri inawezekana, lakini mimi nikiona tangazo la "tabasamu jipya kwa siku moja" nasoma mara mbili. Mfupa ukishashika, tunafunga kishikizo juu ya skrubu, na juu ya kishikizo tunaweka taji linalofanana na jirani zake.

Si kila mtu anafaa. Mwenye kisukari kilichodhibitiwa anafaa; kilichoachwa kikimbie, hapana. Nitataka kuona kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3, na kikizidi asilimia 8 namwomba akatibu sukari kwanza. Mvuta sigara hatari yake ya kipandikizi kung'oka ni kama mara mbili. Na yupo mgonjwa ambaye wengi hamtamfikiria: aliyechomwa sindano za kuimarisha mifupa, hasa kwa sababu ya saratani. Dawa zile ni nzuri kwa kazi yake lakini taya linaweza kugoma kupona, iwe ni kupandikiza au hata kung'oa. Basi mwambieni daktari wa meno kila dawa mnayotumia. Msiseme "ile ni ya mgongo, haihusiani na meno."

Watoto pia hapana, na hapa nitakaa kidogo, mabibi mnisamehe.

Naletewa binti wa kidato cha pili, mzuri, hana chonge za chini zote mbili. Namuuliza bibi yake. Anasema alipokuwa mchanga aliharisha, akatolewa "meno ya nailoni". Wengine wanayaita ya plastiki. Mnajua ninachosema, naona vichwa vinainama. Mtoto ana homa, anaharisha, mtu anamfunua mdomo, anaona ufizi umeinuka na kuwa mweupe pale chonge itakapotokea, basi anaufukua kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Kinachotoka ni kichirizi cheupe, laini, na wote wanasema, "Mnaona? Nailoni." Ile ni mbegu ya jino! Ndiyo maana ni laini, haijakomaa. Na chini yake ipo mbegu ya jino la ukubwani, nayo inaharibika. Homa ilikuwa malaria au kichomi, haikuwa jino. Wapo watoto waliofariki kwa damu na maambukizi kwa ajili ya jambo hili.

Binti yule anataka kipandikizi, na simpi. Taya lake bado linakua. Meno ya kawaida yanasogea pamoja na taya, lakini kipandikizi kimegandana na mfupa, kinabaki kilipo kama kigingi huku wenzake wakimpita. Baada ya miaka michache jino linaonekana limezama. Kwa msichana tunangoja hadi miaka 18 hivi, mvulana 20 au zaidi. Kwa sasa nimembandikia meno kwa gundi kwenye jirani zake. Anacheka bila kiganja.

Turudi kwenye pesa, maana nawaona mnanisubiri. Jino moja, skrubu na taji lake, hesabuni kwa mamilioni, si kwa malaki. Ulizeni bima zenu mapema. Nyingi huhesabu jambo hili ni urembo. Wenye mapengo mengi msiogope mkadhani kila pengo linataka skrubu yake. Daraja, yaani jino bandia linaloshikiliwa na mataji ya meno jirani, bado lipo, hasa kama meno jirani yameshaharibika na yanahitaji kuvikwa taji hata hivyo. Kuyachonga meno mazima kwa ajili ya daraja ndiko kunakonisikitisha. Na kwa aliyekosa meno yote ya chini kama mama yangu, wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, mwaka 2002 walikubaliana kwamba vipandikizi viwili tu vya mbele, vyenye vifungo vya kubana kama vya gauni, vikishika meno ya kuvaa ya kawaida, ndicho kiwe chaguo la kwanza. Viwili tu. Unayavaa, yanabana "tak", unakula. Usiku unayafungua unayasafisha. Kama mama angevipata, pindo la kanga lingebaki la kufungia pesa.

Jambo la mwisho, kwa wenye watoto Muscat, Dubai au India wanaowaita kwenda kutengenezwa huko. Nendeni, mafundi wapo. Lakini likizo ya wiki mbili haitoshi kwa mfupa, na msirudi bila karatasi. Kila kampuni ya vipandikizi ina skrubu yake, na kila skrubu ina bisibisi yake. Nimewahi kukaa na mama mmoja kwenye kiti asubuhi nzima, taji lake limelegea tu, kazi ya dakika tano, na sina bisibisi ya kuingia kwa sababu hakuna anayejua ni kipandikizi cha kampuni gani. Tulipiga picha, tukaituma kwa wenzetu, tukabahatisha. Ombeni kadi yenye jina la kampuni na vipimo, muiweke pamoja na hati ya nyumba.

Mwalimu wa hisabati aliuliza: kama titani haiozi, basi mswaki wa nini tena?

Nikamjibu kwamba hesabu yake ni sahihi, ila amesahau ufizi. Skrubu haiozi, lakini ukoga ukikaa pembeni yake ufizi unavimba, na mfupa unaanza kuondoka kimyakimya. Kimyakimya kwa sababu kipandikizi hakina zile nyuzi za kitanda cha kamba, hakina fahamu, hakikuambii kitu. Jino likioza linakuamsha usiku; hiki kinakuja kukuaga tu. Katika vipandikizi 100, zaidi ya 90 bado vipo mahali pake baada ya miaka 10, na wenye navyo ni watu wanaopiga mswaki, wanaopitisha uzi, na wanaorudi kuangaliwa kila baada ya miezi 6.

Swali la pili lilitoka nyuma kabisa. Mzee mmoja alisimama, akatoa mfukoni kikaratasi cha daftari kilichokunjwa mara nne, akakifungua. Ndani mlikuwa na gego. Lake mwenyewe, liling'olewa miaka zaidi ya 10 iliyopita, akalihifadhi. Akauliza kama haliwezi kurudishwa, kuliko kununua la watu.

Ukumbi ulicheka, lakini mzee hakuwa na makosa. Nikamwambia gego lake halirudi, nyuzi za mzizi zilikufa siku ile ile zilipokauka. Ila mjukuu wake akianguka na jino la mbele la ukubwani likang'oka zima, hilo linaweza kurudi. Lishikwe kwa juu, si kwa mzizi. Lisisuguliwe. Kama lina mchanga lisuuzwe haraka, lirudishwe kwenye tundu lake, mtoto aume kitambaa, mbio kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Wakishindwa kulirudisha, waliweke kwenye maziwa. La utoto lisirudishwe, litaliumiza linalokuja.

"Maziwa haya haya ya chai?" mzee akauliza.

"Ya baridi, baba. Yasiyo na majani wala sukari."

Akalitazama gego lake mara moja zaidi, akalikunja kwenye karatasi mara nne, akalirudisha mfukoni.